Toleo 2.4.49: nukta mbili, na kiraka kilichohitaji kiraka

Mnamo Septemba 2021 mradi wa Apache ulitoa toleo 2.4.49 la seva yake ya wavuti, na toleo hilo lilikuja na kasoro ambayo haikuwamo katika toleo lolote lililolitangulia. Tarehe 29 ya mwezi huo kasoro hiyo iliripotiwa kwa timu ya usalama ya mradi, tarehe 4 Oktoba likatoka toleo 2.4.50 la kuiziba, na tarehe 7 Oktoba, siku tatu tu baadaye, likatoka toleo 2.4.51 kwa kuwa ilikwisha kubainika kwamba kiraka cha kwanza hakikuziba tundu lote. Katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, tundu la kwanza lilisajiliwa kwa nambari CVE-2021-41773 na la pili kwa nambari CVE-2021-42013. Wengi wetu tunaoshughulika na seva tunaikumbuka wiki hiyo ya Oktoba, ila tunaikumbuka kwa ufupi mno: Apache ilikuwa na tatizo, watu wakasasisha, tatizo likaisha.

Mimi sioni kwamba liliisha hivyo. Nimelirudia jambo hili kwa sababu toleo 2.4.49 nimelikuta likifanya kazi hapa Mtwara, katika seva ya ofisi moja inayotunza kumbukumbu za wakulima wa korosho, muda mrefu baada ya dunia nzima kuambiwa iliondoe. Nilipowaeleza wenzangu wa kazi walioko Lindi na Masasi, kila mmoja aliuliza namba ya toleo, lakini hakuna aliyeuliza swali ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi, yaani seva hiyo ilikuwa imeruhusiwa kusoma nini. Katika tundu hili namba ya toleo ilieleza nani yuko hatarini, na usanidi, yaani mipangilio ya seva, ndio ulioamua nani aumie.

Ili jambo lieleweke, ni lazima tuanze na kazi yenyewe ya seva. Mtu anapoandika anwani ya tovuti kwenye kivinjari, sehemu inayofuata jina la tovuti huwa ni njia ya kuelekea faili fulani. Seva huichukua njia hiyo, huiunganisha na saraka (folda) iliyotengwa kwa ajili ya tovuti, ambayo kwenye mashine nyingi za Linux ni /var/www/html, kisha humpa mgeni faili anayoitaka. Katika mifumo ya jamii ya Unix, nukta mbili zikifuatwa na mshazari, yaani ../, humaanisha kupanda ngazi moja juu ya saraka uliyomo. Mgeni akiachiwa kuziandika mara nyingi kadiri apendavyo, atapanda hadi kwenye shina la diski na kushukia upande wowote autakao. Ndiyo maana kila seva ya wavuti huisafisha njia kabla ya kuitumia: huzitafuta nukta mbili hizo, huziondoa pamoja na saraka inayozitangulia, na hulikataa ombi linalojaribu kutoka nje ya eneo lake.

Ugumu unatokana na desturi nyingine ya wavuti, kwamba herufi yoyote katika anwani inaweza kuandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Nukta huandikwa %2e. Kwa hiyo ../ inaweza kuandikwa .%2e/ na maana yake ikabaki ileile. Katika toleo 2.4.49 sehemu ya Apache inayosafisha njia ilikuwa imeandikwa upya, na kazi ya kusimbua alama za asilimia, yaani kuzirudisha kuwa herufi za kawaida, ikawa inafanyika pamoja na kazi ya kusafisha, herufi baada ya herufi. Msimbo huo mpya ulipofika kwenye nukta ya kwanza, ulitazama herufi inayofuata ili ujue kama nayo ni nukta. Lakini herufi hiyo ilikuwa bado haijasimbuliwa, kwa hiyo ulichokiona ni alama ya asilimia tu, ukaridhika na kuendelea mbele. Hatua iliyofuata ikaigeuza %2e kuwa nukta, na kufikia hapo ukaguzi ulikuwa umekwisha kupita. Ni karani wa ghala anayeandika daraja la korosho kwa kulitazama gunia likiwa limeshonwa, halafu ndipo anachoma bambo na kutoa sampuli, wakati daraja limekwisha kuingia kwenye kitabu.

Kasoro hiyo peke yake haikutosha kumfikisha mshambuliaji alikotaka. Kwa saraka kuu ya tovuti, Apache hufanya ukaguzi mwingine wakati wa kuiunganisha njia na saraka yenyewe, na ukaguzi huo uliendelea kuwakataa wageni wa namna hiyo. Penyo lilikuwa kwenye saraka zilizounganishwa na anwani kwa amri za Alias na ScriptAlias, kama vile /icons/ na /cgi-bin/, ambako ukaguzi huo wa pili haupo. Saraka hizo mbili zipo katika usakinishaji mwingi bila mwenye seva kuziweka wala kuzihitaji, kwa kuwa huja na usanidi wa mwanzo. Nimewahi kumwonyesha mtu mzima wa kazi hii picha ndogo za folda zinazotoka kwenye /icons/ ya seva yake mwenyewe, akashangaa kwamba zimo.

Baada ya hapo palibaki kizuizi cha mwisho, nacho ndicho ninachotaka msomaji akitazame kwa makini. Usanidi wa mfano unaokuja na Apache huwa na mistari ifuatayo:

<Directory />
    AllowOverride none
    Require all denied
</Directory>

Maana yake ni kwamba shina lote la diski limefungwa kwa wageni, na kila saraka itakayotolewa kwao ni lazima ifunguliwe kwa amri yake maalumu. Kwenye seva iliyokuwa na mistari hiyo, mshambuliaji aliyezitumia nukta mbili katika toleo 2.4.49 aliweza kutoka nje ya /icons/ na kufika kwenye faili aliyoilenga, lakini alipofika alikuta hairuhusiwi, akarudishiwa jibu namba 403. Kwenye seva ambayo mistari hiyo ilikuwa imefutwa, au neno denied limebadilishwa kuwa granted, alipewa faili.

Kwa nini mtu abadilishe neno hilo? Kila fundi aliyewahi kuhamisha tovuti kutoka /var/www kwenda kwenye /home au kwenye diski nyingine analijua jibu. Unahamisha mafaili, unabadilisha DocumentRoot, yaani mstari unaotaja saraka kuu ya tovuti, unaiwasha seva, na kivinjari kinakuonyesha 403. Mteja amesimama nyuma yako, umeme wenyewe unaweza kukatika wakati wowote, na jibu la kwanza unalolipata mtandaoni linakwambia uweke Require all granted. Linafanya kazi. Tatizo ni mahali ilipowekwa: ikiwekwa ndani ya kifungu cha saraka mpya ya tovuti, hakuna ubaya wowote, ikiwekwa ndani ya kifungu cha shina, tovuti inafunguka vilevile, na pamoja nayo inafunguka kila faili ambayo mtumiaji wa Apache ana ruhusa ya kuisoma. Kwa macho ya mteja matokeo hayo mawili hayana tofauti hata kidogo, na kwa miaka mingi hayana tofauti kwa mtu yeyote, mpaka siku toleo kama 2.4.49 linapotoka. Ndiyo sababu ninapokabidhiwa seva nisiyoijua huanza kwa kusoma kifungu hicho kabla ya kuuliza toleo.

Kuhusu kilichoweza kusomwa, mifano mingi iliyosambaa wakati ule ilionyesha faili ya /etc/passwd, na watu waliogopa kwa sababu ya jina lake. Kwa kweli faili hiyo haina nywila kwenye Linux ya leo. Ina majina ya watumiaji, na nywila zilizofumbwa zimo katika /etc/shadow ambayo mtumiaji wa Apache hana ruhusa ya kuisoma. Hatari kubwa zaidi ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyepiga picha. Mfumo wowote ulioandikwa kwa lugha ya PHP una faili moja ambamo limeandikwa jina la hifadhidata, mtumiaji wake na nywila yake, na faili hiyo ni lazima iweze kusomwa na seva, la sivyo mfumo hautafanya kazi. Mgeni akiiomba kwa njia ya kawaida, PHP huiendesha na yeye haoni kitu. Akiichukua kwa kupitia penyo la /icons/, anaweza kupewa maandishi yake kama yalivyo, ikiwa PHP haikuunganishwa na njia hiyo. Tangazo la Apache lenyewe lilionya kwamba msimbo wa mafaili yanayoendeshwa, kama skripti za CGI, yaani programu ndogo ambazo seva huziendesha ili kumjibu mgeni, ungeweza kuvuja.

Hilo ndilo lililokuwa tundu kwa upande wa kusoma. Mahali ambapo mod_cgi, moduli ya Apache inayoendesha skripti hizo, ilikuwa imewashwa, na ruhusa ziko wazi kama nilivyoeleza, jambo lilikuwa baya zaidi. Kila kitu kinachoombwa kupitia /cgi-bin/ seva hukichukulia kuwa ni programu ya kuendeshwa. Mshambuliaji aliyetoka nje ya saraka hiyo na kuielekeza njia kwenye ganda la amri la mfumo, kisha akatuma amri zake ndani ya mwili wa ombi, alizipata zikitekelezwa kwa jina la mtumiaji wa Apache. Hapo hatuzungumzii tena faili moja kuvuja. Taarifa za mwanzo za CVE-2021-41773 zililieleza tundu hilo kama la kusoma mafaili, na uwezo huu wa kuendesha amri ukafahamika mara tu watu walipoanza kulijaribu. Ndiyo maana CVE-2021-42013 ilipotangazwa ilipewa daraja la hatari ya juu kabisa. Yote mawili yalikuwa yameshaanza kutumiwa na washambuliaji wa kweli wakati huo.

Sasa tukitazame kiraka cha kwanza na sababu ya kutotosha kwake. Toleo 2.4.50 liliongeza ukaguzi wa umbo la .%2e, na kwa umbo hilo lilifanya kazi. Watafiti waliolichunguza waliandika %%32%65. Ukiisoma polepole utaona mtego wake: %32 ni tarakimu 2, na %65 ni herufi e. Msafishaji alipoisimbua mara moja alipata %2e, ambayo kwa wakati huo ni maandishi matatu ya kawaida yasiyofanana na nukta, akaiacha ipite. Lakini mbele zaidi katika safari ya ombi kuna hatua nyingine inayosimbua njia kwa mara ya pili, na hatua hiyo ikaigeuza kuwa nukta, baada ya wakaguzi wote kwenda nyumbani. Toleo 2.4.51 ndilo lililolifunga hilo.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba kosa la kusimbua mara mbili lilikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwezi Oktoba 2000 Microsoft ilitoa taarifa MS00-078 kuhusu seva yake ya IIS, ambayo iliruhusu wageni kutoka nje ya saraka ya tovuti kwa kuandika mshazari kwa umbo lisilo la kawaida la Unicode, mfumo wa kuziwakilisha herufi kwa namba. Mwezi Mei 2001 ikatoa taarifa nyingine, MS01-026, kwa sababu IIS ilikuwa inaisimbua njia mara moja, inaikagua, halafu inaisimbua tena bila kuikagua. Septemba mwaka huohuo mnyoo wa Nimda, programu haribifu inayojisambaza yenyewe, ulienea duniani, na miongoni mwa njia zake za kuingilia ilikuwa matundu hayo mawili. Kwa hiyo waliolijaribu toleo 2.4.50 kwa umbo la kusimba mara mbili hawakuhitaji ubunifu mkubwa. Walirudia mtihani wa zamani kwenye mtahiniwa mpya. Kanuni inayofuata kutokana na historia hiyo inajulikana na kila mwandishi wa seva, kwamba njia isimbuliwe mara moja tu, ifikishwe kwenye umbo lake la mwisho, kisha ndipo ikaguliwe. Kuijua kanuni na kuitunza ndani ya msimbo uliorithiwa na vizazi kadhaa vya waandishi ni mambo mawili yenye umbali mkubwa kati yake.

Jambo la ajabu kidogo katika kisa hiki ni kwamba waliopona kirahisi walikuwa watu wenye matoleo ya zamani. Kati ya mifumo ya Linux, Ubuntu 20.04 ilikuwa na Apache 2.4.41, CentOS 7 ilikuwa na 2.4.6, na Debian 11 wakati huo ilikuwa na 2.4.48, zote hazikuguswa, kwa kuwa kasoro ilizaliwa katika 2.4.49. Nimesikia fundi mmoja akilitumia hilo kama hoja ya kutosasisha, na sikubaliani naye hata kidogo. Matoleo hayo hayakuwa yameachwa. Wasimamizi wa Ubuntu na Red Hat huchukua viraka vya usalama na kuvishonea kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba yake ya msingi, kwa hiyo 2.4.41 iliyosasishwa kupitia apt, chombo cha mfumo cha kusakinisha na kusasisha programu, na 2.4.41 iliyoachwa kama ilivyosakinishwa ni programu mbili zenye jina moja. Namba inayoonyeshwa na amri ya apache2 -v haikuelezi yote. Inabidi uangalie namba kamili ya kifurushi kwa amri ya dpkg, au amri inayolingana nayo katika familia ya Red Hat.

Walioumia, kwa sehemu kubwa, ni wale walioipata Apache nje ya njia hiyo: waliopakua msimbo chanzo na kuujenga wenyewe, waliotumia vifurushi vya tayari vinavyobeba Apache, PHP na hifadhidata pamoja, na waliotumia kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachokihitaji, zilizojengwa katika majuma yale. Seva niliyoikuta Mtwara ilikuwa ya aina ya kwanza. Fundi aliyeisimika alitaka kipengele ambacho hakikuwamo kwenye toleo la mfumo wake, akaujenga msimbo chanzo ndani ya /usr/local, akamaliza mkataba wake, akaenda zake. Tangu hapo ofisi ilikuwa na utaratibu mzuri tu wa kuendesha apt upgrade, na kila mara mfumo ulijibu kwamba hakuna kilichobaki cha kusasisha, jibu ambalo lilikuwa kweli kwa sababu apt haikuwa na habari kwamba kuna Apache nyingine ndani ya mashine hiyo. Msimamizi wa ofisi aliniuliza, kwa haki kabisa, “Fundi, kama kila wiki tunasasisha, hili limetoka wapi?” Kwa kontena hali ni hiyohiyo: kusasisha mashine inayozibeba hakuigusi Apache iliyomo ndani yake, na ni lazima picha ya kontena ivutwe upya na kontena iundwe tena. Kwa mtandao wa hapa kwetu, ambako kifurushi kikubwa hupakuliwa usiku ili kisiwazuie watu kufanya kazi mchana, naelewa kwa nini jambo hilo huahirishwa. Hata hivyo Oktoba ni mwezi ambao minada ya korosho huanza, na ni mwezi mbaya kuliko yote wa kugundua kwamba orodha ya wakulima, mizani yao na namba zao za akaunti za benki zimo katika hifadhidata ambayo nywila yake ilisomeka kutoka nje.

Kwa hiyo tiba yake, kama nilivyoifanya pale na kama ninavyoifanya kwingine, inaanza kwa kujua ni Apache ngapi zimo ndani ya mashine. Amri ya ss -ltnp inaonyesha ni mchakato upi unaosikiliza mlango wa 80 na wa 443, na kutoka hapo unaweza kuifuata faili yake ya programu hadi ilipo. Hatua hii huchukua muda mfupi na huzuia aibu ya kusasisha programu ambayo haifanyi kazi huku inayofanya kazi ikibaki vilevile. Ikionekana kwamba hakuna sababu ya kweli ya kuwa na toleo lililojengwa kwa mkono, ushauri wangu ni kulihamishia kwenye kifurushi cha mfumo, hata kama namba yake inaonekana ndogo, kwa kuwa kifurushi hicho kina watu wanaokitunza baada ya wewe kuondoka. Ikiwa sababu ipo, basi jenga toleo la karibuni kabisa, 2.4.51 ni kiwango cha chini kwa matundu haya mawili tu, na tangu wakati huo yamezibwa mengine, likiwamo lile la moduli ya mod_lua lililosahihishwa Desemba 2021 katika toleo 2.4.52. Baada ya kusasisha, seva izimwe na kuwashwa upya, kwa sababu mchakato ulioanza kabla ya sasisho huendelea kuutumia msimbo wa zamani uliomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Hatua inayofuata ni usanidi, na kwangu mimi hapo ndipo penye kazi. Kifungu cha shina kirudishwe kwenye Require all denied, kisha kila saraka inayostahili kufunguliwa ifunguliwe kwa jina lake. Ukilifanya hilo kwenye seva ya zamani, jiandae kuona sehemu fulani za tovuti zikigoma, na usikimbilie kuifungua shina tena. Isome logi ya makosa, ambako Apache huandika AH01630 pamoja na njia kamili ya faili iliyokataliwa, uifungue saraka hiyo peke yake. Pale ofisini kilichogoma kilikuwa ni folda ya ripoti iliyokuwa imewekwa nje ya saraka ya tovuti, na ikafunguliwa kwa mistari mitatu. Amri za Alias na ScriptAlias ambazo hakuna anayezitumia ziondolewe. Moduli ya CGI izimwe ikiwa hakuna skripti inayoihitaji, na katika ofisi zetu nyingi haihitajiki, kwa kuwa PHP imeunganishwa kwa njia nyingine. Kwenye Debian na Ubuntu kazi hiyo hufanywa na a2dismod. Watu wengine hupenda kuanza na kichujio cha maombi kinachokataa kila anwani yenye %2e. Sikatai kukitumia kama kizuizi cha usiku mmoja wakati unasubiri kupakua sasisho, lakini kisa cha %%32%65 kinatosha kuonyesha mwisho wa mbinu ya kuorodhesha maumbo mabaya.

Kujaribu kama tundu limefungwa kufanyike kwenye seva yako mwenyewe, ukiwa ndani ya mashine, kwa anwani ya 127.0.0.1. Ukitumia curl, programu ya kutuma maombi kwa mstari wa amri, ongeza chaguo la --path-as-is, kwa kuwa bila hilo curl yenyewe huisafisha njia kabla ya kuituma, nawe utadhani umejaribu kumbe hukujaribu. Seva iliyosasishwa hulikataa ombi kwa jibu namba 400 na kuandika AH10244 kwenye logi ya makosa. Ukipata 403 badala yake, maana yake huenda umelindwa na usanidi huku msimbo ukiwa bado na tundu. Kuitumia mbinu hiyohiyo kwenye seva ya jirani, hata kwa nia njema ya kumwonya, ni jambo ninalokushauri uliache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaliangalia suala la kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na nia njema ni hoja ya kujitetea nayo mahakamani wakati ungeweza kumpigia mwenye seva simu. Asipopokea, TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ndiyo mahali pa kupeleka taarifa za namna hiyo.

Kuna watu watakaoona kwamba kiraka kilichohitaji kiraka kilikuwa ajali ya mwaka 2021. Julai 2024 Apache ilitoa toleo 2.4.60 lililoziba matundu kadhaa kwa mpigo. Marekebisho hayo yalisababisha hitilafu mpya ambayo, katika usanidi fulani wa zamani unaotumia amri ya AddType, iliifanya seva kutoa msimbo wa PHP badala ya kuuendesha, toleo 2.4.61 likatoka siku chache baadaye kuisahihisha, nalo halikuisahihisha yote, na 2.4.62 likatoka mwezi huohuo kumalizia. Silisemi hili kwa dharau, kwa maana waandishi wa Apache wameitunza programu hiyo tangu mwaka 1995 na wanatangaza makosa yao waziwazi kuliko kampuni nyingi zinazolipwa. Nalisema kwa sababu linabadilisha ratiba ya fundi: sasisho la dharura la Jumatatu lihesabiwe kuwa na mwenzake wa Alhamisi, na mteja aambiwe hivyo tangu mwanzo ili asije akafikiri anatozwa mara mbili kwa kazi moja.

Limebaki swali ambalo kusasisha hakulijibu, la kama mtu alishaingia kabla ya tundu kuzibwa. Alama zake hutafutwa kwenye logi ya maombi: anwani zenye %2e au %%32%65 zikifuatwa na jibu namba 200, yaani ombi limekubaliwa. Maombi ya namna hiyo yenye 400 au 403 utayaona mengi, maana mashine zinazopita mtandaoni zikijaribu kila mlango hazijaacha kulijaribu tundu hili. Hayo ni ya kuyaacha. Yenye 200 ndiyo ya kuyashughulikia. Katika ofisi ile sikuyaona, lakini sikuweza kulichukulia hilo kuwa ni ushahidi wa usalama, kwa kuwa Debian na Ubuntu huzungusha logi za Apache kila siku na kutunza za siku 14 tu, na fundi aliyeijenga Apache yao kwa mkono alikuwa amenakili mpangilio huohuo. Miaka yote ya nyuma haikuwa na rekodi. Mahali ambapo ruhusa zilikuwa wazi na rekodi haipo, ni busara kuhesabu kwamba faili ilisomwa: nywila ya hifadhidata ikabadilishwa, nywila za wasimamizi wa mfumo zikabadilishwa, funguo za huduma za ujumbe mfupi zikafutwa na kutolewa upya, na mashine ikasimikwa tena kutoka mwanzo badala ya kusafishwa. Kwa kuwa ndani yake mna taarifa za watu, uongozi uliambiwa pia kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inamtaka mwenye kukusanya taarifa hizo aziweke salama na aiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wake unapovunjwa, ili mwanasheria wao aamue hatua inayowahusu.

Katika /etc/logrotate.d, mstari uliokuwa unasema rotate 14 sasa unasema rotate 400, na kila usiku nakala iliyobanwa hupelekwa kwenye mashine nyingine ambayo seva ya wavuti haina ruhusa ya kufuta kitu juu yake. Kwa tovuti ya ukubwa ule, logi za mwaka mzima zikibanwa haziijazi hata flashi ndogo inayouzwa madukani hapa mjini.